Beatha na Kazi ya Maneno

Beatha alijaza tope kwenye karai, akajitwika, huku kanuna. Ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Watu wote walitoka kutoa tope kwenye ndiva, bwawa lao la kumwagilia maharage. Wenzake waliimba. Yeye aliwaza mtihani tu.

"Mke wangu kafeli Kiingereza!" mumewe Loth akatangaza, yuko kwenye sufuria kubwa la makande. "Akifeli tena Ijumaa, darasa la watu wazima basi. Tunarudi kwenye shamba la tangawizi."

"Koroga huko, yanaungua!" Beatha akamjibu.

Watu wakacheka. Lakini maneno ya Loth yalimchoma Beatha. Shule aliiacha kidato cha pili. Nafasi hii aliisubiri miaka.

Jirani yao Fortunata, mwalimu aliyekuja likizo, akaweka jembe chini. "Umekwama wapi, dada?"

"Aina za maneno. Nimekariri 'water' ni maji, jina la kitu, nomino. Mtihani ukaleta 'I water the beans'. Nikaandika nomino. Mwalimu kanikosesha! Maji si maji?"

"Unalijua neno, hujatazama linafanya nini. Loth jana alifanya nini hapa?"

"Alichimba."

"Na leo?"

"Anapika. Vibaya."

"Nasikia!" Loth akapaza sauti.

"Mtu ni yuleyule, kazi imebadilika," Fortunata akaendelea. " Neno nalo liko kwenye msaragambo. Usilipime peke yake, soma sentensi nzima. 'The water is cold.' Hapo linataja kitu, ni nomino. 'I water the beans.' Hapo mtu anafanya nini?"

"Anamwagilia." Beatha akasimama na karai lake kichwani. "Kumbe ni kitendo! Kitenzi!"

"Na 'cold'?"

"Linasema maji yakoje. Kivumishi?"

"Umepata. Twende, tope linatusubiri."

Wakaendelea. Fortunata anatupa sentensi, Beatha anajibu, tope linamwagika mabegani. Jioni alikuwa anaimba.

Ijumaa alirudi toka darasani, akamkuta Loth mlangoni.

"Vipi?"

"Nimepita. Tena umenisaidia wewe."

"Mimi? Kiingereza?"

"Waliuliza 'The cook is late.' Nikakuona wewe na makande yako ya mchana yaliyoiva saa kumi. Nikajua huyo 'cook' ni mtu aliyechelewa, si kitendo cha kupika, nikaandika nomino."

Loth alicheka mpaka akashika mlango. "Haya, mwanafunzi. Leo mimi ni nani?"

"Mpishi," Beatha akasema, akavua viatu. "Washa moto, na safari hii usichelewe."