Lenny Aliyerudi Mapema

Mke aliyeomba mumewe aache pombe, mume akaacha, atalalamika nini tena? Ebu muulizeni Milka, maana yeye alikuwa na la kulalamika, na lilianza na kikombe cha chai.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, kwenye fleti yao ndogo kule Al Thumama, mjini Doha, walikoishi wawili tu, binti yao Tiffany akiwa kwa bibi yake nyumbani. Lenny alikuwa amerudi jana yake kutoka kituo cha kutibu waraibu, baada ya nusu tu ya muda aliopangiwa. "Daktari amesema nimepona," alisema mlangoni, na Milka akamrukia shingoni kwa furaha. Sasa Milka aliepua sufuria, akamimina chai ingali inatokota. Lenny akaishika, akaimaliza kwa mkupuo mmoja. Hakupuliza wala kukunja uso, yeye ambaye kwa kawaida hupuliza chai mpaka majirani wasikie!

"Baba Tiffany, hujaungua?"

"Iko sawa, mpenzi."

Mpenzi! Neno hilo Milka hakuwa amelisikia tangu mahari ilipolipwa. Alifurahi, lakini moyo ukaingiwa na mchanga.

Akakumbuka siku alipompeleka kituoni. Muuguzi mmoja Mkenya, Sista Jebet, alimketisha akamweleza bila kumficha. Siku za kwanza mzee atatetemeka, atatapika, atatoka jasho la kulowesha godoro, pengine hata ataona vitu visivyokuwepo. Simu yake tutaiweka sisi. Na akitoka, mama, usitarajie malaika. Atakosa usingizi, atakuwa mkali, atatafuta sukari kama mtoto, na hamu ya pombe itamsumbua kwa miezi. "Ukimwona hivyo usife moyo," Sista alisema. "Huko ndiko kupona."

Huyu aliyerudi hakuwa na hata moja kati ya hayo. Aliosha vyombo. Aliomba msamaha kabla hajakosa.

Walipofika kanisani Mesaimeer, maana huku ibada kuu ni Ijumaa, Lenny alisema kichwa kinamuuma, atangojea nje. Ibada ilipokwisha wakamkuta katikati ya maegesho, juani, jua la Agosti la Doha linaloyeyusha ndala, shati lake kavu kabisa. Waumini wakamzunguka wakimpigia makofi. Milka akamvuta kando rafiki yake Pamela.

"Pam, huyu mtu hatoki jasho."

"Ashukuriwe Mungu, utapunguza kufua! Milka, ulilia hapa tukakushika mkono. Leo umejibiwa, unaanza kumkagua Mungu?"

Milka akarudi kupiga makofi na wengine. Utasema nini? Watu wameshashangilia.

Lakini nyumba ilikuwa imebadilika. Palinuka nguo iliyoungua, kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati, na kila akikimbia kuitazama pasi aliikuta kabatini, baridi. Kitandani Lenny alilala chali, macho wazi. Tena jioni moja alipoingia kuoga, Milka akasikia maji yakilia chsss, chsss, kama yanamwagwa juu ya kikaango cha moto, akasogeza sikio mlangoni, na ndani ya mvuke ule akamsikia mumewe akicheka, kisha akijijibu kwa sauti nyingine nzito, kwa lugha isiyokuwa Kiswahili wala Kiarabu wala yoyote aliyowahi kuisikia katika mji huu wa mataifa yote, na sauti ile ikawa inataja jina lake, Milka, Milka, taratibu, kama mtu anayelionja. Akarudi nyuma akikanyaga kwa vidole.

Mara ngapi alishika simu apige kituoni, akaiweka? Aliogopa jibu. Na tuseme ukweli, nyumba ilikuwa na amani, na mwanamke aliyechoka huizoea amani bila kuuliza imetoka wapi.

Siku moja adhuhuri kituo kikapiga chenyewe.

"Mama Tiffany, ni Sista Jebet. Leo mzee anatoka. Lakini mbona umetutupa? Siku ya familia alikungoja mpaka jioni."

Milka akatazama kibarazani. Lenny alikuwa ameketi pale, uso juani.

"Sista," alinong'ona, "unasema nani anatoka?"

"Ngoja umsikie mwenyewe."

Sauti iliyokuja ilikuwa imekwaruza, imechoka. "Mama Tiffany? Nimekonda, utanicheka. Mikono bado inatetemeka. Hapa kila asubuhi tunasimama mbele ya wenzetu tunasema, naitwa fulani, mimi ni mlevi, leo sijanywa. Mara ya kwanza nililia kama mtoto. Njoo unichukue, tafadhali."

Huyu ndiye wake. Alikata simu, akafungua mlango wa kibaraza.

"Sema jina lako."

"Lenny, mpenzi."

"Sema, mimi ni mlevi."

Akatabasamu. Midomo ikafunguka, ikajifunga. Jamani, jini ni kiumbe wa moto na kiburi: ataiga sura, ataiga mwendo, ila kujishusha hakumo katika damu yake.

"Mimi sijawahi kukosa," alisema mwishowe, na kiti cha plastiki kikaanza kutoa moshi chini yake. "Si ulimtaka mume asiye na doa? Yule atakunywa tena."

"Akinywa tutaanza upya. Namtaka yule."

"Unampenda kiasi hicho?"

"Kiasi hicho. Toka kwangu!"

Akamtazama kwa muda, kama mtu aliyeelekezwa duka lenye bidhaa nzuri. Upepo wa moto ukapita, pazia likaungua pindo, na kiti kikabaki kitupu.

Milka akaanguka kifudifudi akilia na kucheka. Akampigia Pamela, wakaomba pamoja kwenye simu, wakaimba, wakaomba tena. Akafungua madirisha, akapiga deki, akapika chapati za kumpokea mumewe. Ndipo akaita teksi.

Sista Jebet alimkuta mapokezi, akashangaa. "Mama Tiffany! Mmesahau kitu?"

"Nimekuja kumchukua Lenny."

Sista akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Si umeshamchukua? Umetia sahihi hapa mbele yangu. Mmetoka mmeshikana mikono. Alikuwa akilia, masikini, akaniambia, 'Sista, nilidhani atanigombeza kwa yote niliyomtenda, lakini amenisamehe kabla sijafungua mdomo.'"

Milka akatoa simu, akapiga namba ya Lenny. Iliita kwa muda mrefu. Kisha ikapokelewa.

"Haloo," iliuliza sauti yake yeye mwenyewe, Milka, kwa upole mwingi. "Nani mwenzangu?"