Ijumaa Saa Saba Mashine Ilikuwa Inapona

"Mwizi! Huyu ni mwizi!"

Hiyo sauti ilikuwa yangu, jamani. Yangu mwenyewe!

Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana, watu wanatoka msikitini hapa mtaani Buyenzi, Bujumbura. Nilikuwa nimepanda juu ya kreti ya soda mbele ya duka langu, nimemnyooshea kidole rafiki yangu Anouar. Alikuwa na kanzu nyeupe, msala begani.

Nyie mnajua neno hilo likipigiwa kelele mjini linaleta nini. Kabla sijashuka kwenye kreti, jiwe la kwanza lilikuwa limeshampata juu ya jicho.

Jina langu sijalificha. Ni Moïse, baba yake Elsa, muuza spea za magari. Someni mpaka mwisho kabla ya kunitukana. Mkimaliza, nitukaneni tu.

Nilifika Bujumbura kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na mfuko mmoja. Anouar, fundi wa magari, mzaliwa wa Buyenzi, ndiye aliyenipokea. Mama yake alinilaza sebuleni kwao miezi minne na hakuniuliza hata siku moja naondoka lini.

Mwaka jana mimi na Anouar tukaingia kwenye mambo ya kuchimba bitcoin.

Kwa wasiojua, ni mashine kubwa kidogo kuliko katoni ya viatu, ina feni zinazopiga kelele kutwa. Inapiga mahesabu mchana na usiku, na kwa kazi hiyo inalipwa kidogo kidogo kwenye akaunti ya mtandaoni. Ikizimika, hailipwi.

Siku ya kuchagua, Anouar alinionyesha moja ndogo kwenye simu.

"Tuchukue hii, kaka. Ile kubwa inakula courant sana. Umeme ya huku haitaiweza."

"We ni fundi wa magari," nikamjibu. "Niachie mambo ya masine."

Nikaagiza ile kubwa, ya mtumba.

Tuliifunga kwenye chumba cha nyuma ya duka. Upande wa pili wa ukuta kuna kibanda changu cha kuchomelea vyuma, anapofanya kazi soudeur wangu, Murhula, mtu mpole wa Bukavu. Aliyetufungia umeme alitaka kuvuta waya mbili. Nikaona anatafuta hela tu. Nikamwambia avute mmoja.

Ufunguo wa chumba alikaa nao Anouar, kwa sababu gereji yake ilikuwa jirani. Mchana alikuwa akiingia kupuliza vumbi na kutazama feni.

Miezi miwili ya kwanza, raha tupu!

Mwezi wa tatu mambo yakaharibika. Mashine inashuka kasi, inazima, inajiwasha, inashuka tena... Na mwezi uleule kazi za kuchomelea mageti zilikuwa zimenijia nyingi. Huku nacheka, kule natukana.

Nikawaita wote wawili.

"Nikijua kitu kinasumbua hii masine, kiwe kitu, awe mutu, siku ile ile anatoka hapa!"

Murhula akainamisha kichwa. Mke wake alikuwa amejifungua siku tatu tu zilizopita.

Nikaanza upelelezi. Kwenye simu nilikuwa naona kasi ya mashine saa kwa saa.

Usiku inachimba vizuri. Anouar yuko kwake, amelala.

Mchana inayumba. Anouar yuko hapa, na ufunguo anao.

Na Ijumaa, kuanzia saa sita na nusu mpaka saa nane, inapona kabisa! Saa hizo Anouar yuko wapi? Msikitini!

Nilitazama Ijumaa nne. Zote nne, saa saba, mashine iko nzima kabisa.

Nilikuwa nimeona video ya jamaa anaeleza jinsi wezi wanavyobadilisha akaunti ndani ya mashine, malipo ya masaa fulani yakaenda kwao. Basi, kesi nikaifunga kichwani mwangu peke yangu.

"Umemuuliza?" mke wangu alisema.

"Mwizi anaulizwa?"

Ndiyo ikafika ile Ijumaa ya kreti.

"Moïse, shuka," Anouar alisema polepole. "Tuongee ndani."

"Apana! Ongea hapa! Juu ya nini ukienda kuswali masine inafanya kazi muzuri?"

"Kaka, fungua logi ya masine usome. Yote imeandikwa. Tuingie ndani nikuonyeshe."

"Sema hapa, mbele ya watu!"

Akageuka, akatazama kibanda cha kuchomelea. Murhula alikuwa amesimama mlangoni, anatetemeka. Anouar akafunga mdomo. Na mimi nikafurahi, jamani! Nikasema huyo, amekosa la kusema.

"Wallahi, sijaiba," alisema. 

Halafu jiwe. Halafu la pili. Wazee wa msikiti walimzunguka, wakamrudisha uani na kufunga lango. Bila wao, leo ningekuwa naandika habari ya msiba.

Fundi wa magari anaishi kwa kuaminiwa funguo. Mtu anamwachia gari asubuhi, anakwenda kazini Rohero, mjini kati, jioni anakuja kulichukua. Baada ya Ijumaa ile hakuna aliyemwachia Anouar hata pikipiki. Haikuisha wiki, gereji ikafungwa, akahama Buyenzi.

Mimi nikabadilisha kufuli na neno la siri la mashine. Nikakaa nikisubiri hela.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, mashine ikayumba!

Nikasema huyu ananiibia akiwa mbali. Nikazidi kumtukana mbele ya wateja.

Ikafika Ijumaa. Saa saba mchana... ikapona.

 Anouar alikuwa ameshahama Buyenzi. Sasa nani alikwenda kuswali?

Nikamwita Gaëlle, fundi umeme kutoka Rohero, dada asiye na maneno mengi. Alifungua ile logi kwenye simu yangu, akasoma, akaguna.

"Baba Elsa, hii hamukuisoma?"

"Apana."

"Masine inalalamika courant kila siku. Imeandika yenyewe, na masaa yake."

Akaweka kipimo chake kwenye waya. Volti mia mbili na ishirini.

"Mwambie ule soudeur achome."

Murhula akachoma. Cheche zikaruka, namba zikaanza kuporomoka. Mia mbili... mia na themanini... mia na sitini na tano. Mashine ikazima.

"Aache."

Namba zikapanda.

"Achome tena."

Zikaporomoka.

"Mwizi wako ni uyu," Gaëlle akasema, akaugusa ule waya mmoja mwembamba. "Masine mbili zinavutana hapa. Nani alisema waya moja inatosha?"

Ni mimi niliyesema hivyo. 

Ijumaa saa za swala vyuma vinanyamaza Buyenzi, wateja wangu wako msikitini, na Murhula anakwenda kula. Usiku Murhula amelala. Ni hayo tu, ndugu zangu. Mwizi niliyekuwa namtafuta nilimfunga mwenyewe ukutani, kwa ubahili wangu.

Nilidhani aibu imeishia hapo. Kumbe!

Murhula aliweka chini miwani yake ya kuchomelea, akaanza kulia.

"Patron, unisamehe. Anouar alijua. Alipima zamani."

"Unasema nini?"

"Alinikataza kusema. Alisema, patron ameapa atafukuza mutu, na we una mutoto muchanga. Nyamaza, mi natafuta régulateur, tutamaliza hii mambo bila kelele."

Régulateur ni kile kifaa cha kutuliza umeme usipande na kushuka.

Nikakumbuka macho ya Anouar yakitazama kibanda. Alikuwa na jibu mdomoni! Angelitoa pale mbele ya watu, Murhula angekosa kazi siku ile. Akalimeza, akapigwa jiwe. Nilikaa chini kwenye vumbi la vyuma, mtu mzima, nikalia na soudeur wangu.

Nilimkuta Anouar Ruziba, kando ya ziwa, anatengeneza injini za mitumbwi. Kovu juu ya jicho bado bichi. Mama yake alikuwa amehama naye, amekaa mlangoni anachambua ndagala, dagaa wa ziwani. Aliponiona alisimama, akanitengea kiti.

"Moïse, umekula?"

Afadhali angenitemea mate.

Nilipiga magoti mbele ya Anouar.

"Simama," alisema. "Hapa hakuna mutu alisikia nikiitwa mwizi. Unanipigia magoti hapa ya nini?"

"Nifanye nini, ndugu yangu?"

"Pahali unapajua."

Akaingia ndani, akatoka na katoni iliyofungwa kwa kamba.

"Régulateur. Ilifika siku mbili baada ya ile Ijumaa. Beba. Sikupi we, nampa Murhula afanye kazi yake."

Ijumaa iliyofuata, saa nane, nilipanda juu ya kreti ileile.  Watu wakatoka msikitini, wakasimama. Wengine walidhani nimekamata mwizi mwingine!

"Anouar hakuiba!" nikapaza sauti. "Nilimsingizia! Kosa ni waya yangu, ubahili yangu, na kiburi yangu. Alinionya, nikakataa kumusikiliza. Mukitaka kurusha mawe, mi niko hapa!"

Hakuna aliyerusha. Hakuna aliyesema pole. Waliniangalia tu, na kuangaliwa kule nakusikia mgongoni mpaka leo.

Anouar alikuwepo. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, na kanzu yake. Dereva mmoja wa teksi, mteja wake wa zamani, alipita katikati ya watu, akatoa funguo mfukoni, akaziweka mkononi mwake.

Anouar alipokuwa anapita mbele ya duka langu, alisimama kidogo.

"Murhula bado yuko kazini?"

"Yuko."

"Sawa."

Akaenda zake. Gereji ameifungua tena, ukuta kwa ukuta na mimi, na kila asubuhi tunasalimiana. Kuja kukaa kwenye kiti changu kama zamani, bado hajaja. Simlaumu.

Mashine ina waya wake peke yake, inachimba siku zote saba. Ila Ijumaa saa saba siwezi kuitazama, naweka simu kwenye droo.

Nyie mnaotaka kununua mashine hizi, pimeni umeme wa nyumba yenu kwanza, na mashine ikisumbua someni ilichoandika. Na mtu aliyekulaza kwao ulipokuwa huna pa kulala, akikwambia "tuongee ndani", shuka kwenye kreti uingie ndani.