Mama Theo Ampima Mumewe

— Baba Theo, jana ulilala vizuri?

— Nililala.

— Ulikuwa unaongea usingizini.

Leonce alisogeza bakuli la mtori wa ndizi pembeni, akamtazama mkewe.

— Anyesi, nikuulize. Hapa nipo nyumbani kwangu au nipo wodini?

 Anyesi alikunja mikono mapajani, akatulia, akamsubiri. Ndivyo walivyofundishwa Dodoma: mgonjwa asiyetaka kusema usimkimbize, mwachie ukimya aujaze mwenyewe.

— Haya, umeanza tena! Zamani ukikasirika ulikuwa unabamiza sufuria, nikajua kweli humu ndani nina mke. Siku hizi unanitazama tu, kama unasubiri nivue nguo barabarani.

Nusura Anyesi acheke, lakini alijizuia. Likizo yake ilikuwa inaisha. Alikuwa muuguzi aliyesajiliwa, na sasa alikuwa katikati ya kozi ya uuguzi wa magonjwa ya akili. Jumatatu alitakiwa arudi Dodoma kumalizia nusu iliyobaki. Lakini tangu afike nyumbani Kilema, mlimani Kilimanjaro, mume aliyemkuta hakuwa yule aliyemwacha. Amekonda. Siku nyingine anaamka kabla ya jogoo, anatoka kimyakimya, anarudi jioni miguu imejaa vumbi, na ukimuuliza alikuwa wapi anasema, "Nilikuwa na shughuli." Na usingizini anabembeleza mtu: "Usiondoke, mama. Tutaelewana."

Kwa masomo aliyokuwa nayo kichwani, Anyesi aliona jambo moja tu: ile huzuni nzito inayomla mtu ndani kwa ndani huku anatembea. Mwaka ule kahawa iliugua. Buni zilikauka zikadondoka kabla ya kuiva. Mwanamume wa mlimani bila kahawa yake anabaki na nini?

Wifi yake, Zita, alikuwa na jibu lake. Alikuja kukata majani ya ng'ombe, akakalia mzigo wake kama kiti.

— Wifi, wewe soma tu, lakini mwenzio nina macho. Ugonjwa gani huo wa kupiga pasi shati kabla ya kutoka?

— Sema unachotaka kusema, wifi.

— Kaka yangu ana mtu Himo.

— Nani kakwambia?

— Ameonekana! Kakaa katikati ya wanawake, wanacheka naye. Mimi ni dada yake, lakini uongo siwezi. Ukirudi huko kwa wagonjwa wako, siku ukija utakuta jiko lina mwenyewe.

Anyesi aliendelea kumenya ndizi. Mume akiwa mgonjwa, hawezi kumwacha. Akiwa na mwanamke, pia hawezi kwenda kusoma huku nyumba inabomoka. Kwa vyovyote vile, masomo yamekwisha.

Asubuhi Leonce alikuwa ameshatoka. Anyesi alivaa kitenge chake kizuri, akapitia kwa mama mkwe, Mama Tereza, anayemlea binti yao Theopista wakati yeye yuko masomoni.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu?

— Mama, sirudi tena Dodoma. Nashuka Himo nipate gari la Moshi, nikapige telegramu niwaambie chuoni.

Mama Tereza alimpakata mjukuu wake vizuri. Theo alikuwa anatafuna ndizi, mate yanamtiririka hadi kifuani.

— Leonce anajua?

— Atajua.

— Mimi uliponiambia unaacha kuzalisha wanawake ukasomee vichaa, nilisema kichaa wa kwanza ni mwanangu aliyekuruhusu. Lakini alikuruhusu. Kamuulize kwanza. Tena muulize kama mke, na kelele kidogo. Huo utulivu wako wa Dodoma unatutisha sote.

Himo ilikuwa siku ya soko. Gari la Moshi lilikuwa bado halijajaa, na utingo akamwambia azungukezunguke kidogo. Anyesi akajikuta upande wa ndizi, mikungu imepangwa chini, mchare wa kupika upande huu, ndizi za pombe ya mbege upande ule, wanawake wamekaa nyuma ya mikungu hiyo. Katikati ya wanawake hao, amechuchumaa kwenye gunia, suruali imekunjwa hadi magotini, alikuwapo Leonce.

Lazima uwe mtu wa mlimani kujua alichokiona Anyesi. Kule kahawa ni ya baba, ndizi ni za mama. Mwanamume atapanda mgomba, atakata mkungu, lakini kuubeba sokoni na kubishana bei katikati ya wanawake, hilo baba yake hajalifanya, wala babu yake. Afadhali waseme amelala njiani na mbege kichwani.

— Usiondoke, mama! Leonce alikuwa anamwita mteja aliyeshampa mgongo. — Tutaelewana!

Anyesi akasogea.

— Mkungu huu bei gani?

Leonce akainua uso. Mdomo ukabaki wazi.

— Dada, mwonee huruma huyo, alidakia mama mmoja mnene jirani yake, Mektrida. — Mwanzoni alikuwa anaona aibu kutaja bei, wateja wanajitajia wenyewe! Tumemfundisha sisi. Mke wake anasoma Dodoma.

— Mke wake ni mimi.

Mektrida akajifunika mdomo kwa kanga.

Safari hii Anyesi hakukunja mikono.

— Leonce! Mimi nakosa usingizi nikilinda usingizi wako! Nilidhani unaumwa, halafu nikadhani una mwanamke!

— Mwanamke? Mektrida alishindwa kujizuia. — Hapa tumejaa, lakini anachotuuliza ni bei tu!

Wanawake wakaangua kicheko. Leonce alifuta mikono yake iliyojaa utomvu.

— Ningekwambia nini, Mama Theo? Kahawa umeiona. Nyumba inataka sukari, sabuni, mafuta ya taa. Ungejua ninakaa hapa, ungerudi. Nakujua. Ungesema mume wangu anadhalilika, ukatupa masomo, ukaja kukaa kwenye gunia hili wewe.

— Si ndiyo kazi yangu?

— Na yule mama wa Kirua?

Anyesi alikuwa hajamsahau. Yule mama alijifungua salama mikononi mwake, kisha akamkataa mtoto, akasema si wake, wamembadilishia. Ndugu zake wakamfunga kamba kitandani. Anyesi alijua kuzalisha, alijua kufunga kidonda, lakini pale alisimama tu, hajui aseme nini. Jioni ile alilia kifuani pa Leonce hadi shati likalowa.

— Uliniambia ungetoa chochote ujue hata neno moja la kumwambia, Leonce alisema taratibu. — Sasa unalo?

— Ninalo. Ninayo mengi.

— Basi kamalizie. Wengine kama yeye watakuja. Mimi aibu hii nimeizoea. Haiumi, inachafua shati tu.

 Utingo alikuwa anapiga kelele, Moshi, Moshi, gari limejaa. Anyesi hakugeuka.

Mama mmoja mgeni, amebeba kikapu kipya, akasimama mbele yao.

— Jamani, makubwa haya! Mwanamume anauza ndizi! Huyu ni wa nani?

Leonce akainamisha kichwa, akajifanya anapanga mikungu. Anyesi akakusanya kitenge chake kizuri, akachuchumaa palepale kwenye gunia, bega kwa bega na mumewe, mbele ya Himo nzima.

— Ni wangu, alisema. — Jumatatu narudi masomoni, nawaachia huyu. Ukitaka mchare, dada, zungumza naye vizuri.