Jeneza la Pili

Kila siku akitoka shule, binti wa seremala alivua sare, akala alichowekewa mezani, kisha akashika ufagio na kwenda kufagia karakana ya baba yake iliyokuwa mbele ya nyumba. Aliyazoa maranda akayatia kwenye gunia, akatundika randa na misumeno ukutani, kila kimoja kwenye msumari wake. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya watu wawili. Mdogo wake wa miaka sita alikaa juu ya meza ya kazi, miguu inaning'inia, akiuliza. Msumari ukigongwa unaumia? Kwa nini gundi haigandi ndani ya kopo lake? Mungu alipoumba miti alishajua kutakuwa na msumeno? Kufagia hakufagia hata siku moja. Watu wote walimwita Bi Maswali, hata mwalimu wake.

Jumanne moja Bi Maswali alimfuata dada yake uani, alikokuwa akiruka kamba na wenzake.

"Dada, kichwa kinauma. Na shingo."

"Kalale," dada alimjibu bila kusimama. Zamu yake ilikuwa imefika baada ya kusubiri sana. "Acha kudeka."

Mtoto akaenda kulala. Jioni mama yao alipoingia kumwamsha, alimkuta mwili unawaka, shingo imekakamaa kama ubao. Walimkimbiza hospitali. Muuguzi alisema ni homa ya uti wa mgongo. Kwa siku tatu binti wa seremala alipiga magoti kando ya kitanda akaomba kwa maneno yote aliyoyajua. Ijumaa mchana mdogo wake akafa.

Baba hakukubali fundi mwingine atengeneze jeneza. Alilitengeneza mwenyewe, mlango wa karakana ukiwa umefungwa, na hakuhitaji kupima. Urefu wa mtoto wake aliujua.

Watu walikuja kuwapa pole. Mmoja alisema, "Mungu amempenda zaidi." Binti aliyasikia maneno hayo akiwa anagawa chai, na moyoni akajibu: kama huko ndiko kupenda, bora angetuchukia kidogo.

Tangu siku hiyo hakuomba tena. Kila jioni mama aliwaongoza katika sala, naye alifumba macho na kuchezesha midomo tu. Kanisani alisimama watu waliposimama, akakaa walipokaa. Chakula alikichokoachokoa. Usingizini alisikia sauti ndogo ikisema kichwa kinauma, na jambo hilo hakumwambia mtu. Baba naye alikuwa amebadilika. Akijiwa kuhusu kitanda au kabati alipokea kazi. Akijiwa kuhusu jeneza alisema hana mbao, na mbao zilikuwa zimeegemea ukutani nyuma yake.

Miezi miwili ilipita. Alasiri moja mwanamume mmoja alisimama mlangoni pa karakana. Alikuwa dereva wa lori. Viatu vyake vilikuwa na vumbi, na shati alikuwa amelifunga vifungo upande.

"Fundi, nahitaji jeneza. La mtoto wa miaka minne. Mazishi ni kesho."

"Siku hizi natengeneza vitanda tu," baba alisema bila kuinua uso.

Dereva hakubishana. Alisimama tu, kama mtu aliyesahau njia ya kurudia. Kisha akasema taratibu, "Ni wa kwanza wangu. Nilikuwa safarini. Nimemkuta ameshakwenda."

Baba aliweka nyundo chini. Alichukua penseli, akauliza, "Urefu wake?"

Dereva alipoondoka, baba alichagua mbao, akakata, akaanza kupiga randa. Mara mkono ukasimama. Alikaa juu ya gunia la maranda, akafunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika. Binti hakuwahi kumwona baba yake akilia. Ufagio ulimtoka mkononi.

"Baba," alisema, "ni mimi niliyemuua."

Baba alimtazama.

"Aliniambia anaumwa, mchana ule. Nikamwambia aache kudeka. Nilikuwa naruka kamba." Maneno yalitoka moja moja, kama misumari iliyoshika kutu. "Ningemwambia mama saa ile."

Baba alimvuta akamkalisha kando yake.

"Asubuhi ya siku hiyo aliniambia mimi pia. Alisema, baba, shingo inauma. Nikamwambia amelala vibaya. Sijamwambia mama yako mpaka leo."

Binti alimwegemea begani.

"Sitakudanganya, mwanangu. Daktari alisema ugonjwa ule una mbio. Huenda tungewahi, huenda tusingewahi. Hilo hatutalijua. Lakini hakuna kati yetu aliyemtakia mabaya. Ulikosea kama mtoto, na mimi nilikosea nikiwa mtu mzima. Mimi nakusamehe. Na wewe unisamehe."

Binti aliitikia kwa kichwa, machozi yakidondoka kwenye magoti. Kisha akauliza swali alilokuwa amelibana miezi miwili.

"Mbona Mungu hakusikia? Mimi siombi tena, baba. Nachezesha midomo tu."

"Najua. Huwa nafumbua macho, kwa sababu mimi pia sala hainitoki." Alifuta uso kwa mkono wenye unga wa mbao. "Siku ile nilipofunga mlango huu, nilimwambia Mungu maneno makali kiasi kwamba siwezi kuyarudia mbele yako. Nilidhani ataniacha. Hakunijibu. Lakini hakuniacha, kwa sababu niliweza kupigilia msumari wa mwisho, na kwa nguvu zangu nisingeweza. Yesu mwenyewe msalabani alilia akimuuliza Mungu kwa nini amemwacha. Na Mungu alimtazama mwanawe akifa. Hajaniambia kwa nini wetu amekufa. Ila najua simlilii asiyejua kinachoniuma."

Walimaliza jeneza pamoja. Baba aligonga misumari, binti akapiga msasa ndani mpaka ubao ukawa laini kabisa, ingawa hakuna ambaye angeuona. Jioni hiyo baba alimweleza mama jambo lake, na binti akaeleza lake. Mama alilia sana. Hakugombeza mtu. Alisema naye jioni ile alisita kwanza kumpeleka mtoto hospitali, akidhani homa itashuka kwa maji ya baridi.

"Kila mmoja wetu amebeba mzigo huu peke yake, ndani ya nyumba moja," alisema. "Sasa nani ataomba?"

"Mimi," binti alisema. Alifumba macho. "Mungu, bado nimekukasirikia. Nimemkumbuka mdogo wangu. Usituache. Amina."

Ilikuwa sala fupi kuliko zote zilizowahi kusemwa nyumbani humo, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alimaliza chakula chake.

Kesho yake dereva alikuja kuchukua jeneza. Alipitisha mkono ndani, akasimama hapo.

"Fundi, nasikia nawe umezika. Maumivu haya huisha?"

"Yangu hayajaisha," baba alisema. "Niliyaficha, nikamficha hata Mungu, yakazidi. Tangu jana nimeanza kuyasema, kwake na kwa watu wangu. Hayajapungua uzito, lakini sasa tunayabeba pamoja." Alimgeukia binti yake. "Nawe ushike hili: mtu akikwambia anaumwa, umwambie mkubwa saa ileile. Na wewe ukiumia moyoni, vivyo hivyo. Usijifiche."

"Mimi sijui kuomba," dereva alisema.

Binti akashika upande mmoja wa jeneza ili wasaidiane kulibeba. "Lia tu mbele za Mungu," alimwambia. "Hata mimi jana ndiyo nimeanza."