Kwa Nini Saliha Hakusema

Moubarak ni fundi wa magari. Anaishi mtaa wa Kanyosha na mke wake, Asiya, ambaye ni mshonaji. Kila asubuhi Moubarak hunywa chai na kwenda gereji. Asiya hukaa kwenye cherehani. Binti yao Saliha, wa mwaka mmoja na miezi minne, alikuwa akikaa kwenye mkeka. Mbele yake kulikuwa na simu yenye katuni za Kifaransa.

Ukiacha sauti ya simu, nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi. Asiya, ambaye sokoni hakuna anayemshinda kwa maneno, alikuwa hamsemeshi mtoto wake.

Mambo yalianzia Kiriri, mtaa wa matajiri ulio mlimani. Siku moja Moubarak alipanda huko kutengeneza gari la mteja. Akamwona mtoto wa yule mteja akizungumza Kifaransa na baba yake. Moubarak akashuka na amri.

"Hapa kwetu mutoto atasikia Kifaransa tu," alisema. "Kiswahili atajifunza mu quartier, na watoto wa mutaa."

Moubarak si mtu mbaya. Alimtakia binti yake shule nzuri. Lakini Kifaransa chake mwenyewe kilikuwa salamu tu: "Bonsoir, ma fille" na "Ça va?" Basi, kikaishia hapo. Cha Asiya kilikuwa kidogo kuliko hicho. Kwa hiyo Asiya akaiachia simu kazi ya kusema na mtoto.

Saliha hakusema neno. Hata ile "ba-ba-ba" aliyoianza akiwa na miezi saba ilipungua. Shangazi yake, dada ya Moubarak, akaja na shauri lake.

"Ulimi wake umefungwa kwa chini," alisema. "Nimepata muzee wa kuukata na wembe. Tumupeleke Jumamosi."

Asiya aliogopa wembe. Aliogopa zaidi kwamba mtoto wake ni bubu.

Siku ya Alhamisi, jirani yao Daphrose alikuja kuchukua sketi yake. Daphrose ni mhudumu wa afya wa mtaa. Alimkuta Asiya analia.

"Mama Saliha, kuna nini?"

"Mutoto wangu hasemi. Jumamosi watamukata ulimi."

Daphrose alikwenda nyuma ya Saliha, akagonga mfuniko wa sufuria. Saliha akageuka mara moja. Kisha Daphrose akampaka uji kidogo mdomoni. Saliha akatoa ulimi, akaulamba wote.

"Umeona? Anasikia, na ulimi unatoka vizuri. Lakini kugonga sufuria si kipimo. Mumupeleke kwa muganga wa hospitali, amupime masikio na ulimi. Wembe, apana! Atavuja damu, atapata magonjwa."

Wakati huo Saliha alinyoosha mkono kuelekea utepe mwekundu uliokuwa mezani. Asiya hakumwangalia.

"Sasa amesema," alisema Daphrose.

"Amesema nini? Mi sikusikia kitu."

"Amesema kwa mukono. Mutoto anaanza kusema mbele ya kujua maneno. Analia, anakuangalia, anacheka, anaonyesha kitu. Ukimujibu, anaendelea. Usipomujibu, anachoka. Mujibu."

"Kwa luga gani?"

"Ile unagombana nayo na wateja!"

Asiya alicheka huku machozi yakimtoka. Akachukua utepe. "Unataka utepe? Huu hapa. Utepe mwekundu."

Saliha alitazama mdomo wa mama yake kwa muda mrefu.

"Ngoja kidogo," alinong'ona Daphrose. "Mupe nafasi naye."

"Mmm," alisema Saliha.

"Ee, mwekundu!" alijibu Asiya.

Jioni Daphrose alirudi kuzungumza na Moubarak.

"Luga nyingi zitamuchanganya," alisema Moubarak. "Na simu inamufundisha kila siku."

"Baba Saliha, simu inasema, lakini haisikilizi. Yeye akinyoosha mukono, simu inamupa nini? Mutoto mudogo hivi hahitaji simu. Anahitaji mutu wa kujibizana naye. Luga mbili, tatu, si shida. Museme naye ile munajua vizuri. Kifaransa atakipata ku shule."

"Mi nilisema Kifaransa. Sikusema anyamaziwe."

"Lakini amenyamaziwa," alisema Asiya.

Moubarak aliona aibu. Kisha akampigia dada yake simu. "Jumamosi hatukuyi kwa uyo muzee," alimwambia.

Hospitalini daktari alimpima Saliha. Masikio yalikuwa mazima, na ulimi pia. Tangu siku hiyo Asiya alishona huku akiongea. Alitaja mkasi, uzi na kitambaa. Alipomwogesha mtoto alitaja sikio, tumbo na goti. Saliha akitoa sauti, Asiya aliirudia na kuongeza neno. Wimbo wa kubembeleza alimwimbia kwa Kirundi, kama alivyoimbiwa na bibi yake. Moubarak naye alimsimulia habari za kabureta na injini za magari. Sijui mtoto alielewa nini hapo, lakini alicheka sana. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wiki kadhaa zikapita. Likaja "mama", kisha "maji", kisha "apana", ambalo Saliha alilipenda kuliko yote.

Baada ya miezi minne, jioni moja, Moubarak alirudi amechoka. Akakaa, akaanza kuangalia simu yake. Saliha alikuja na utepe wake mwekundu. Akamvuta suruali.

"Baba, kuya."

Moubarak aliiweka simu chini. Machozi yalimlenga.

"Nakuya, mama," alisema, akainuka kumfuata.