Glasi ya Mwenye Nyumba

"Mgeni yuko ngazini. Chai tayari?"

"Tayari, Mkuu."

Kipanga akakisukuma kisikilizio ndani zaidi ya sikio, akarudi jikoni. Jasusi mzima, bastola ya Beretta kiunoni, ameshinda akichuja chai ya rangi kwa kichujio cha mkewe. Ndiyo kazi yenyewe hiyo.

Mapema alikuwa ameichemsha hadi ikawa chungu. Akaikoza rangi kwa sukari aliyoiunguza, akatia vanila, siki kidogo, na pilipili manga ya kuchoma koo. Ilipopoa akaimimina kwenye chupa tupu ya wiski. Sasa glasi ndefu. Barafu mpaka juu, chai kidogo, kola taratibu ubavuni mwa glasi, kipande cha limau. Ungeitazama ungeapa ni pombe.

Hakuwa na njia nyingine. Kibosile, muuza magendo wa dawa bandia za watoto, hazungumzi biashara na mtu asiyekunywa naye, tena nyumbani kwa mtu huyo. Na Kipanga alikuwa ameacha. Akinywa tena, mkewe anaondoka. Walikubaliana hivyo, wote wawili wakilia.

Mkewe hakuambiwa lolote. Amri ya Mkuu.

Mlango ukagongwa.

Kibosile alikuja na chupa yake, maana chupa za watu haziamini. Kipanga akatoka jikoni na glasi yake. Wakapiga soga, wakacheka, kinasa sauti kikiwa kimenata chini ya meza.

Kisha ufunguo ukazunguka kwenye kitasa.

Mkewe. Nesi, bado ndani ya sare, ametoka kazini mapema. Akaiona chupa. Akaiona glasi mkononi mwa mumewe.

"Karibu, shemeji," Kibosile akasema, utadhani nyumba yake. "Kaa nasi."

"Asante. Nimechoka."

Akapita chumbani. Ikasikika zipu ya begi.

Kipanga alitamani ardhi ipasuke immeze. Neno moja tu lingemtuliza mkewe, na neno hilo lingewaua wote wawili. Akacheka utani wa mgeni.

"Lori liko wapi, nitakwambia," Kibosile akasema. "Lakini mimi nina desturi yangu. Kwanza tubadilishane glasi."

"Kipanga, toka humo," Mkuu akanong'ona sikioni.

Hakutoka. Aliigugumia chai yake yote mpaka barafu ikamgonga meno.

"Yangu imekwisha. Lete yako."

Akanywa. Wiski kweli. Ikashuka kooni kama mpangaji wa zamani anayeijua nyumba. Aibu ikamjaa, na chini ya aibu, raha.

Kibosile akafurahi, akaijaza glasi yake upya. "Lori jeupe. Nyuma ya kiwanda cha matofali. Linaondoka jioni hii."

"Tumesikia," Mkuu akasema sikioni. "Vijana, ingieni."

Mlango ukapigwa teke. Beretta ikatoka. Kibosile alitiwa pingu kabla hajaigusa glasi yake.

Baadaye kidogo kisikilizio kikakoroma. "Lori tunalo. Kazi safi. Kapumzike."

Sebule ilikuwa tupu. Glasi ya mgeni ilikuwa bado mezani, imejaa.

Hakuna aliyemlazimisha.

Aliinywa yote, amesimama, uso dirishani.

Alipogeuka, akamkuta mkewe jikoni, begi miguuni, ameshika ile chupa nyingine. Alikuwa ameziona pingu, akaelewa. Sasa alikuwa ameonja.

"Hii ni chai, mume wangu."

"Ni chai."

"Na mimi nimeshafunga begi." Machozi yakamtoka. "Nisamehe. Nilikudhania vibaya."

Angeweza kunyamaza. Kudanganya ndiyo kazi yake, na hapa hata uongo usingehitajika.

"Nimekunywa glasi mbili za kweli," akasema.

Mkewe akaiweka chupa chini. "Walikulazimisha?"

"Ile ya kwanza, ndiyo."

Mkewe akainama kulichukua begi. Kipanga akamzuia mkono.

"Baki wewe. Mkosaji ni mimi."

Akaziacha funguo mezani, akatupa koti begani, akashuka ngazi taratibu. Vijana wa zamu pale chini wakampigia makofi.