Hewa Nzito ya Yungas

ALHAMISI, SAA KUMI JIONI

Chumba cha nyuma cha gereji, El Alto. Dirisha moja, limezibwa kwa kadibodi. Quisbert alichora barabara kwa chaki kwenye sakafu yenye mafuta na kueleza mara moja tu. Kesho asubuhi gari la mnunuzi wa dhahabu litapanda kutoka migodi ya mtoni, litavuka kilele cha La Cumbre, litateremka kuelekea La Paz. Litasimamishwa kwenye bwawa lililo chini ya kilele. Walinzi wawili. Dakika tatu. Kisha magharibi, kukata uwanda wa juu hadi mpaka wa Chile.

"Bila kushuka popote," Nemesio Callisaya alisema.

"Umeniuliza mara nne, fundi. Una nini wewe?"

Nemesio alimwacha bosi na chaki yake. Alitoka akarudi kwenye pikapu yake ya silinda nane.

Huku juu hewa ni nyepesi, na injini hukohoa kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege. Ndiyo maana alikuwa ameifungia supachaja, pampu inayozungushwa na mkanda wa injini na kuisukumia hewa kwa nguvu. Hata hivyo hewa ilibaki haba, kwa hiyo petroli nayo ilibidi ipunguzwe. Alitia kwenye kabureta jeti ndogo, vile vipande vya shaba vyenye tundu la kupitishia petroli. Akawasha, akachomoa plagi kutazama rangi yake, akabadilisha, akawasha tena. Jua lilipozama pikapu ilinguruma hadi mabati ya paa yakatetemeka.

Kasoro ilikuwa moja. Ukishuka nayo Yungas, mabonde ya joto ng'ambo ya La Cumbre, kwenye hewa nzito, supachaja itashindilia hewa tele na petroli itabaki ile ile kidogo. Injini itaanza kugonga. Ikigonga sana, pistoni inayeyuka.

Nemesio aliijua sauti hiyo. Miaka miwili sasa ilikuwa ikimjia akila, akioga, akipiga magoti kanisani. Kaka yake Rufino alishuka Yungas na gari alilotengenezewa na Nemesio. Injini ikafa kwenye kona, magurudumu ya nyuma yakakwama, gari likaruka ukingo. Nemesio hakuwapo, lakini sauti aliisikia. Siku nyingine alimwona Rufino mwenyewe kando ya boneti, kofia mkononi, anasubiri zamu kama mteja. Watu aliwaambia ni breki. Delfina Ticona, mjane wa Rufino, aliamini ni breki.

Kesho usukani ulikuwa wa Delfina.

IJUMAA, SAA MOJA NA ROBO ASUBUHI

Gari la dhahabu lilifika kwa wakati. Delfina aliziba barabara, Quisbert akawatoa walinzi kwa bastola, Nemesio akapakia masanduku mawili madogo yaliyokuwa mazito ajabu. Hakuna aliyepigwa risasi. Kazi safi, na kazi ikiwa safi mno ujue balaa liko njiani.

Balaa lilikuja na redio. Wakazi wa El Alto walikuwa wameamka na hasira zao, wamefunga barabara zote kwa mawe na matairi ya moto. Hapiti mtu kwenda magharibi. Bondeni, upande wa La Paz, ving'ora vilianza kulia.

"Geuza," Quisbert alisema. "Tunashuka Yungas."

Delfina aligeuza. Nemesio alishika mfuko wa koti. Mfukoni alikuwa na kitambaa chenye jeti kubwa, zile ambazo Rufino alipaswa kushuka nazo. Hakuwahi kuziacha nyumbani hata siku moja.

SAA MOJA NA NUSU

La Cumbre. Theluji kidogo, ukungu, lundo la mawe ya sadaka. Hakuna dereva mwenye akili anayeshuka Yungas bila kusimama hapa kummwagia Mama Ardhi pombe, na jambazi ni dereva kama wengine. Quisbert alishuka na chupa yake. Polisi walikuwa mbali chini, gari lao linapanda kwa kikohozi.

"Bosi, nipe dakika saba nibadilishe jeti. Hivi ilivyo haifiki chini."

"Jana ulisema inaruka!"

"Ni huku juu tu."

Kawia ufike ni methali ya watu wasiofukuzwa. Quisbert alitoa bastola akamwonyesha mlango.

"Panda, shemeji," Delfina alisema, injini inanguruma. "Breki nimezijaribu mwenyewe. Ziko sawa."

Nemesio angeweza kupanda. Angeweza kunyamaza kama alivyonyamaza miaka miwili, na yule mwanamke angekufa kwenye kona ileile. Rufino alikuwa amesimama kando ya boneti.

"Rufino hakufa kwa breki," alisema. "Asubuhi ile alikuja kuniomba jeti kubwa. Nilikuwa na uchovu wa pombe. Nikamwambia nenda tu, litashuka. Mimi ndiye niliyemuua, Delfina."

Delfina akazima injini.

"Mpe dakika saba," alimwambia Quisbert. Quisbert hakuweza kuendesha barabara ile, kwa hiyo alizitoa.

SAA MOJA NA DAKIKA THELATHINI NA NANE

Petroli iligandisha vidole, chuma kikaviunguza. Delfina alimpa spana moja baada ya nyingine. Boneti ilipofungwa alisimama mbele yake.

"Mwanangu ananiuliza kila Jumapili kwa nini breki za baba yake zilikatika. Nami namjibu kwa uongo wako."

Alipanda, akafunga mlango wa upande wa Nemesio kwa ndani, akaondoka akimwacha barabarani. Quisbert, ndani ya gari, hakugeuka kutazama nyuma.

SAA MOJA NA DAKIKA AROBAINI NA TANO

Polisi walifika watatu. Sajini, mzee wa mashavu mekundu, alitoa kichupa kwanza, akamwagia mawe, akanong'ona yake. Ndipo akamfunga Nemesio pingu. Kutoka kwenye ukungu chini injini ilisikika ikikata kona moja baada ya nyingine, sauti nzima, hakuna kinachogonga. Nemesio alisikiliza huku machozi yanamtoka, na hakuona haya.

"Wewe ndiye fundi?" sajini aliuliza. "Gari lenu limetengenezwa kwa hewa ya El Alto?"

"Ndiyo, afande."

"Basi halifiki Yolosa kule chini. Tutawaokota njiani, haina haja ya kukimbia na sisi tukaangukia bondeni. Au nakosea?"

Maisha yake yote Nemesio hakuwahi kuisema vibaya kazi ya mikono yake, na leo jeti zilikuwa sahihi.

"Hukosei, afande," alisema. "Halifiki. Nililiharibu mwenyewe."

Sajini akaketi juu ya jiwe, akatoa mfuko wa majani ya koka, akaanza kuyachagua moja moja.